Fundi Pazia Ashuka Mwenyewe

Mtaa mzima ulimwita Fundi Pazia, na wachache waliowahi kulijua jina lake halisi walikuwa wameshalisahau. Alishona mapazia tu. Ukimpelekea suruali ya kupunguza, alikutazama kama uliyeleta samaki kwenye duka la dawa. Lakini pazia! Marinda yake yalilingana kama meno ya kitana, pindo halikuburuta wala halikuning'inia juu juu, na ukilifunga adhuhuri chumba kiligeuka magharibi.

Alikuwa na miaka hamsini na kitu, ulimi mkali, kicheko kikubwa kuliko kifua chake, na miguu isiyomsikia tangu ugonjwa ulipoipitia akiwa mtoto. Alitembelea kiti cha magurudumu. Na hilo la kusema "alitembelea" ni la heshima tu, maana kiti chenyewe kilitembea pale tu palipopatikana mtu wa kukibeba.

Mambo yalikuwa hivi. Aliishi na dada yake mkubwa, mpishi mstaafu wa shule, ghorofa ya pili kwenye jengo la zamani lisilo na lifti. Chumba chake cha kushonea kilikuwa chini, ng'ambo ya barabara. Kila asubuhi jirani yao wa mlango wa pili, fundi wa kujenga ambaye kila mtu alimwita Mwashi, alibisha hodi kabla ya kwenda kazini. Alichuchumaa, Fundi Pazia akamshika shingoni, na Mwashi akashuka naye mgongoni huku dada mkubwa akikiburuta kiti nyuma yao, ko, ko, ko, mpaka chini. Jioni Mwashi alirudi, na safari ikageuzwa. Miaka nenda miaka rudi alifanya hivyo bila kudai hata asante, na alipougua alimtuma shemeji yake.

Kwa hiyo siku ya Fundi Pazia ilianza Mwashi alipotoka na kuisha Mwashi aliporudi. Mwashi akiwa mapumzikoni, naye alikaa juu, akiutazama mtaa dirishani kama mtu anayeangalia mchezo bila sauti. Tena kulikuwa na jambo ambalo hakumwambia mtu. Choo cha chini, kile cha nyuma ya chumba cha kushonea, kilikuwa na vidato na mlango mwembamba usiopitisha kiti. Basi tangu asubuhi mpaka jioni alikuwa hanywi maji. Wateja walimkaribisha soda, akasema imemkinai. Alijizoesha, kama mtu anavyojizoesha kiatu kinachobana, mpaka akasahau kwamba kinabana.

Siku moja simu ililia. Alikuwa mtoto wa marehemu kaka yake, muuguzi, aliyehamia nchi ya mbali miaka kadhaa nyuma na sasa amejifungua mtoto wake wa kwanza.

"Shangazi, shikamoo. Njoo unishikie mtoto. Baba yake yuko safarini kikazi, mimi nazama."

"Marahaba, mwanangu. Mwambie shangazi yako mkubwa."

"Shangazi mkubwa anaogopa ndege. Nimeshamuuliza. Kanikatia simu."

Fundi Pazia alicheka, akafungua mdomo kueleza kwa nini haiwezekani, na badala yake akajisikia anasema, "Nakuja." Alipokata simu alijaribu kutia uzi kwenye sindano mara tatu, haukuingia.

Akaagana na dada yake kwa machozi, ndege ikaruka, ikatua. Mtoto wa kaka akaja kumpokea, kichanga kifuani. Teksi ikawafikisha mbele ya jengo refu, na Fundi Pazia akainua macho, ghorofa baada ya ghorofa, moyo ukimshuka.

"Unakaa ya ngapi, mama?"

"Ya sita."

"Ya sita! Na nani wa kunibeba mpaka huko?"

Mtoto wa kaka akabonyeza kitufe ukutani. Milango ikafunguka. Waliingia wote watatu na kiti na begi, na kabla Fundi Pazia hajamaliza kumwomba Mungu, walikuwa wamefika.

Lakini kilichomvuruga akili si lifti. Lifti alishaziona kwenye televisheni. Ilikuwa asubuhi iliyofuata, mama na mtoto wamelala hoi baada ya kukesha. Fundi Pazia alichungulia chumbani, akanong'ona, "Mwanangu, nataka kushuka kidogo nione mtaa."

"Nenda, shangazi," binti akajibu bila kufumbua macho, akageukia upande wa pili.

Nenda! Alibaki mlangoni akisubiri maneno mengine. Nenda na nani? Nenda na urudi saa ngapi? Hayakuja. Akafungua mlango, akabonyeza kitufe, akashuka. Mlango wa nje ulijifungua wenyewe kana kwamba ulikuwa unamngoja. Njia ya waenda kwa miguu ilikuwa laini kama meza, na kila ilipofika barabarani ilijilaza chini taratibu ili magurudumu yapite. Akavuka. Akavuka tena kurudi, kuhakikisha kuwa si bahati tu. Akavuka mara nyingine kwa sababu alijisikia tu.

Basi likaja. Likashusha ubavu wake kama ngamia anayepiga goti, kibao kikatoka mlangoni, na dereva hata hakugeuza shingo. Fundi Pazia akapanda. Hakujua linakwenda wapi na hakuuliza. Lugha ya kule aliisoma shuleni na ilikuwa imeshika kutu. Alikaa dirishani, maduka yakapita, bustani zikapita, mto ukapita, yeye anameza mate kama mtoto aliyepelekwa kutembea. Walipofika mwisho dereva akamwonyesha kwa mkono kwamba hapa ndipo mwisho. Akashuka.

Palikuwa na mgahawa. Akaagiza chai, akainywa. Akaagiza nyingine. Akaagiza maji, glasi kubwa, akayanywa yote adhuhuri peupe, kisha akauliza choo kiko wapi. Wakamwonyesha mlango mpana. Ndani kulikuwa na nafasi ya kugeuza kiti kizima, vyuma vya kushikilia ukutani, na kioo kilichowekwa chini kiasi cha yeye kujiona uso wote. Akajitazama. Akaanza kucheka. Alicheka mpaka mhudumu akagonga mlango kuuliza kama yuko salama.

"Niko salama!" alijibu kwa lugha yake mwenyewe. "Niko salama kabisa!"

Aliporudi, mtoto wa kaka alikuwa anazunguka sebuleni roho juu. "Shangazi! Ulikuwa wapi?"

"Mwisho wa basi," Fundi Pazia alisema, macho yakimeremeta. "Kesho napanda la upande wa pili."

Jioni hiyo akampigia dada yake.

"Dada, huku mtu anakunywa maji!"

"Kwani sisi huku tunakunywa mchanga?"

"Mchana, dada. Nakunywa mchana." Na hapo, kwa mara ya kwanza, akamweleza habari ya vidato na mlango mwembamba. 

"Miaka yote hiyo," dada mkubwa alisema, "na mimi nakupikia chumvi nyingi. Mbona hukuniambia?"

 Fundi Pazia akabadilisha mazungumzo, akaulizia paka wao.

Majuma yakapita, kila siku ana jipya. Alimwogesha mtoto, alimlaza, alimwachia mama yake, kisha huyo, ameshashuka. Alijua basi gani linafika sokoni na duka gani lina vitambaa. Watu wa kule hawakumtazama. Kwenye lifti kila mmoja alikodolea macho namba za ghorofa kana kwamba ni matokeo ya mtihani. Salamu zake zilipokelewa kwa kutikisa kichwa. Lakini yeye hilo lilimfurahisha, maana hakuna aliyemwita maskini, hakuna aliyemuuliza alizaliwa hivyo au alirogwa.

"Huku raha, mwanangu," alisema siku moja wakikunja nguo za mtoto. "Unapita kama upepo, hakuna anayekuuliza kitu."

Mtoto wa kaka aliikunja fulana moja, akaikunjua, akaikunja tena. "Wewe unafurahi hawakuulizi. Mimi nimezaa, shangazi, nimetoka hospitali na kichanga, nimepanda lifti na jirani wa mlango huu wa mbele. Akatazama namba. Mpaka leo sijui anaitwa nani." Machozi yakamdondoka kwenye zile nguo. "Mshahara mzuri, hospitali nzuri, maji hayakatiki. Nayajua hayo. Ila kuna siku natamani mtu abishe hodi aniombe chumvi."

Fundi Pazia akazivuta zile nguo mapajani kwake. Ilikuwa mara ya kwanza kufikiri kwamba nchi ileile inaweza kumwinua mmoja na kumwangusha mwingine, wote wamekaa kochi moja.

Siku chache baadaye alitoka kununua mkate, na aliporudi akakuta karatasi imebandikwa kwenye mlango wa lifti. Imeharibika. Fundi ni kesho.

Akabaki pale chini, mkate mapajani. Akaingia mzee mmoja mwenye mfuko wa mboga, ndiye yule jirani wa mlango wa mbele. Akasoma karatasi, akamtazama Fundi Pazia, akasema pole. Akaingia bwana mmoja mwenye tai. Naye akasoma, naye akasema pole. Akaongezeka mama mmoja mwenye mwili wa mazoezi. Wakasimama wote watatu wakimwonea huruma kwa adabu kubwa. Bwana mwenye tai akapiga simu mahali fulani, akaambiwa wangoje.

Fundi Pazia akawatazama mikono. Mikono sita, yote mizima.

"Nyie," akasema kwa lugha yao iliyoshika kutu, "mnaweza kubeba?"

Wakatazamana. Bwana mwenye tai akasema wanaogopa kumuumiza. Mzee akasema hajawahi kufanya hivyo maisha yake yote.

"Mimi nimebebwa maisha yangu yote," Fundi Pazia akawaambia. "Nitawafundisha. Wewe mwenye nguvu, mama, nyuma, shika hapa. Wewe wa tai, mbele, shika chuma, si tairi. Tairi inazunguka, utaniangusha. Mzee, wewe beba mkate."

Wakainua. Ghorofa ya kwanza walikwenda kama watu waliobeba mayai. Ya pili, tai ikatolewa, ikatiwa mfukoni. Ya tatu wakapumzika, mlango mmoja ukafunguka, mtu akachungulia, akaleta maji. Ya nne akajiunga mwingine wa kupokezana. "Pamoja! Moja, mbili, juu!" Fundi Pazia alipiga kelele, na wao wakaitikia kwa lugha yake, wakiyakosea maneno, mpaka ngazi zote zikawa zinavuma. Mtoto wa kaka aliposikia vurugu akafungua mlango, kichanga begani, akaukuta msafara mzima unahema mbele yake, shangazi yake katikati kama bibi harusi, na yule mzee nyuma na mkate.

Hakukuwa na namna. Waliingia wote. Chai ikapikwa kwenye sufuria kubwa, mtoto akapita mkono kwa mkono, na yule mzee wa mlango wa mbele alimshika muda mrefu kuliko wote, akasema alikuwa anamsikia akilia usiku na hakujua kama ni vizuri kuja kuuliza.

"Ungekuja tu," mtoto wa kaka akamwambia, na safari hii alilia huku anacheka.

Tangu siku hiyo mlango wa binti ulibishwa hodi. Mzee akaomba kushonewa mapazia, kwa kuwa yake yalikuwa yamechakaa tangu mkewe afe. Lifti ilipopona Fundi Pazia akanunua kitambaa, akaazima cherehani, akashona, kisha akavuka ukumbi na kiti chake mpaka sebuleni kwa mzee. Hapo ndipo alipoona kitu ambacho hakuwahi kukiona katika kazi yake yote: pazia lake mwenyewe likining'inia dirishani kwa mteja. Nyumba za wateja wake kwao zilikuwa na ngazi mlangoni. Vipimo aliletewa, mapazia yakachukuliwa. Sasa alilitazama linavyopokea mwanga na kuuchuja. Alilifunga, akalifungua, akalifunga.

"Kwa kweli najua kushona," alisema kwa mshangao, na mzee akakubali kwa kichwa ingawa hakuelewa neno hata moja.

Safari ya kurudi ilipofika alipanda ndege ana mdomo umejaa hadithi. Dada mkubwa na Mwashi walikuja kumpokea. Garini aliongea njia nzima: mabasi yanayopiga goti, vyoo vyenye vyuma, milango yenye akili. Walipofika chini ya ngazi Mwashi akachuchumaa kama kawaida, Fundi Pazia akamshika shingo, na simulizi likaendelea sikioni kwake.

"Huko, Mwashi, unabonyeza hivi, umefika! Hakuna kuteseka."

Mwashi alikuwa anahema kuliko zamani. Alifika kwenye kikomo cha ghorofa ya kwanza, akasimama kushika ukuta. "Basi sisi," alisema polepole, "tulikuwa tunakutesa."

Fundi Pazia akamlegezea mikono shingoni. Walimaliza ngazi zilizobaki polepole. Mwashi akamweka kwenye kiti, akaaga bila kunywa chai.

Usiku huo Fundi Pazia hakulala vizuri. Asubuhi Mwashi alipobisha hodi na kuchuchumaa, Fundi Pazia hakumshika shingo. "Kaa kwanza," akasema. Mwashi akakaa, kofia mkononi.

"Jana niliropoka. Ningekuwa na shukrani ya kukutosha ningekupa, lakini sina. Hukunitesa. Ngazi ndizo zilizonitesa, na wewe zilikutesa vilevile. Nimekusikia unavyohema."

"Mgongo," Mwashi akakiri. "Tangu mwaka jana."

"Na ukanyamaza?"

"Ningesema nini? Kwamba usishuke?"

Fundi Pazia akavuta pumzi. "Nikuulize kitu cha kazi yako. Kule nimeona njia zao. Si dhahabu, Mwashi. Nimeinama nikagusa kwa kidole. Ni saruji, imelazwa. Hii stoo ya hapo chini, karibu na lango, mwenye nyumba ameijaza milango mibovu. Tuseme kanipangisha, nihamie huko chini. Kuondoa vidato vya mlangoni pake na kulaza saruji, ni kazi ya muda gani?"

Mwashi akafikiri. "Asubuhi moja. Kukauka ndiko kunakotaka subira."

"Na choo cha kule kazini? Kuondoa vidato, kupanua mlango?"

"Asubuhi nyingine."

"Asubuhi moja!" Fundi Pazia akapiga kelele. "Miaka yote hii, asubuhi moja! Mbona hukuwahi kusema?"

"Mbona wewe hukuwahi kuuliza?"

Wakakodoleana macho. Mwashi ndiye aliyeanza kucheka, akafuata Fundi Pazia, na dada mkubwa akatoka jikoni na mwiko kuangalia nani amepagawa.

Dada mkubwa hakupenda. "Watu watasema nimekutupa stoo," alisema. "Watasema ulienda ng'ambo ukarudi na kiburi."

"Waseme. Mimi nitakuwa nje, sitawasikia."

Mwenye nyumba alikubali haraka, maana ile stoo haikumwingizia kitu. Milango mibovu ikatolewa, kuta zikapakwa chokaa, na Mwashi akalaza saruji yake kwa madaha. Ilipokauka mtaa ulijaa kutazama. Fundi Pazia akajiweka sawa kizingitini, akaachia magurudumu, na tazama! Mteremko ulikuwa mkali kama paa la nyumba. Alitoka kama risasi, akavuka njia, akaingia moja kwa moja kwenye rundo la kabichi za muuza mboga. Kabichi zikatawanyika barabarani. Watu wakamkimbilia wakidhani amevunjika, wakamkuta ameshika kabichi kifuani, anacheka mpaka hana sauti.

Mwashi aliona haya mpaka masikio. Aliuvunja ule mteremko siku ileile, akaujenga upya, mrefu na wa pole, ukipinda kidogo kandokando ya ukuta. Huo ndio uliobaki.

Asubuhi ya kwanza baada ya Fundi Pazia kuhamia chini, Mwashi alibisha hodi kule juu kwa mazoea. Dada mkubwa akamwambia mdogo wake alishatoka zamani, yuko kazini. Mwashi akashuka, akavuka barabara, akasimama mlangoni kwenye chumba cha kushonea.

"Mgongo umefurahi," alisema. "Ila mimi mwenyewe, sijui. Wewe ndiye uliyekuwa unanipa habari zote za mtaa sikioni. Leo nimetoka nyumbani sijui kitu."

"Vuta kigoda, kuna chai," Fundi Pazia akamwambia, na akaanza na habari za muuza mboga.

Usije ukadhani mambo yote yalinyooka. Mabasi ya kwao hayakujifunza kupiga goti, benki ilibaki na ngazi zake, na njia nyingi zilikuwa na mashimo ya kuzamisha punda. Hata hivyo Fundi Pazia alitoka. Alitoka asubuhi, alitoka alasiri, alitoka siku za mapumziko ambazo zamani alizipitishia dirishani. Alikuwa na chupa ya maji imening'inia pembeni ya kiti, na aliinywa hadharani, kwa mbwembwe.

Alasiri moja alikata shauri kwenda kuona mtaa wa nyuma ya shule, ambako hakuwahi kufika ingawa kengele yake aliisikia maisha yake yote. Barabara ilianza vizuri, kisha ikawa mchanga mtupu. Magurudumu yakazama. Akasukuma, yakazama zaidi. Akabaki hapo katikati ya njia, jasho linamtiririka, amekwama sawasawa. Na akatambua kwamba ana furaha: hakuna aliyemleta pale, wala hakuna wa kulaumu ila yeye.

Akina mama wawili waliotoka kisimani wakamwona, wakatua ndoo zao, wakamkimbilia na kuanza kuvuta, mmoja huku, mwingine kule.

"Ngojeni, ngojeni, jamani!" Fundi Pazia akawazuia. "Mkivuta hivyo mtaniacha hapa, kiti mwende nacho. Wewe dada, pita nyuma, kandamiza mpini kidogo ili haya ya mbele yainuke. Wewe shika hapa. Tayari?"

"Tayari," wakasema.

"Twende mbele. Nyuma nimeshapaona."